Viatu vya Kwenda Msimbati

Jumatatu, 2 Februari 1998

Habari imefika. Zainabu anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, Msimbati, nyumbani kwa mama yake. Ameileta Amina, muuza samaki wakavu, aliyetoka huko kwa miguu. Magari hayapiti. Mvua hii wanayoiita El Nino imeikata barabara vipande vipande. Lori la mwisho lililojaribu limelala ubavu kwenye tope, na inasemekana dereva wake ameshaanza kulima muhogo huko huko.

Mimi ndiye mjomba. Niandike vizuri. Mimi, Amiri Chinguile, mtunza stoo wa serikali, ni kaka mkubwa wa mama yake Zainabu. Kwetu baba anaozesha na shehe anafungisha, lakini mjomba asipoketi mkekani na kusema tumempokea mkwe, watu hula pilau wakitazamana. Zainabu alikaa kwangu hapa Shangani miaka yote ya shule ya msingi. Mkono wake ulishika kalamu ndani ya mkono wangu. Mimi na mke wangu Riziki hatukujaliwa mtoto. Siku hiyo ikinipita, sina nyingine ya namna hiyo.

Kuna tatizo. Linaitwa Mohamedi. Mdogo wangu, tumbo moja, karani wa bandarini. Naye ni mjomba. Dada yetu Nuru ametuma neno kwamba harusi haitamngoja mtu na mvua hii: mjomba atakayetangulia kufika ndiye atakayeketi mkekani, na mwingine atakula pamoja na wageni. Nilipomwuliza Amina kama Mohamedi naye ameambiwa, akasema ameambiwa, akacheka, akasema atafika wakati kaka yake bado anatafuta kofia.

Riziki ameshauri niondoke naye Jumapili pamoja na wanawake, polepole, na kandambili zangu. Nimemweleza kwamba ruhusa yangu ya kazini inaanza Jumatano ya wiki ijayo. (Ya Mohamedi pia. Nimeshauliza.) Tena mjomba hafiki harusini na kandambili kama mtu aliyetoka kuoga. Nahitaji viatu. Viatu vya safari ndefu, vya kubebea mzigo. Riziki amenyamaza. Kunyamaza kwa Riziki sikupendi.

Jumanne, 3 Februari

Asubuhi kabla ya kazi, sokoni Chikongola. Fredi, Mchaga anayeuza viatu vya mtumba, alikuwa amefungua belo jipya. Nikaviona! Au niseme nikakiona, maana Fredi huning'iniza mguu wa kulia tu. Wa kushoto hukaa nyumbani kwake. Anasema mwizi wa mguu mmoja bado hajazaliwa.

Raba ya kukimbilia porini. Soli ina meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Pua ngumu, kisigino kinashika, ulimi mnene. Fredi anasema wazungu hupanda nazo milima wakiwa wamebeba nyumba zao mgongoni. Sikuuliza kwa nini mtu atembee na nyumba. Nikavaa. Chanda na pete.

Jioni jirani yetu Modesta ameniharibia furaha. Ni muuguzi, mtu wa Songea, na hana neno dogo. Amesema mguu wa asubuhi si mguu wa jioni. Mtu akitembea kutwa na mzigo, mguu huvimba na kurefuka, na hicho kilichokuwa chanda na pete kinageuka pingu. Nijaribu jioni. Nivae soksi. Nibebe mzigo wenyewe. Mbele ya kidole gumba pabaki nafasi ya kidole kingine. Na nitembee, nisisimame tu kama ninayepigwa picha. Nimemwuliza ameyajulia wapi. Kwa miguu ya watu wanaoletwa kwetu, amejibu.

Jumatano, 4 Februari

Nimefuata maagizo ya Modesta. Yote! Soksi, ndiyo. Jioni, ndiyo. Mzigo, ndiyo: kichwa cha cherehani, nimekifunga mgongoni kwa kanga mbili za Riziki. Hiyo ndiyo zawadi yangu kwa Zainabu, ambaye anashona vizuri kuliko mafundi wengi wa hapa mjini. Chuma kitupu. Nimekatiza Chikongola hivyo, na watu wamenisimamisha kuuliza nauza kiasi gani. Mama mmoja akazungusha gurudumu kabla sijajibu.

Kwa Fredi nikavaa mguu wa kulia. Nafasi ya kidole ipo. Kisigino hakichezi. Nikatembea hadi kwa wauza vitunguu na kurudi, kulia raba, kushoto peku. Hakuna panapobana. Nikaulizia wa kushoto. Fredi akasema uko nyumbani chini ya kitanda, na kwamba miguu ni ndugu, mmoja ukiingia na mwenzake huingia. Hoja nzuri. Nimeikubali.

Hapo nikasikia kikohozi ninachokijua tangu utotoni. Mohamedi. Ametoka kazini na gambuti zake za bandarini, anaitazama ile soli kama anayetazama nyama buchani. Akaniamkia kwa adabu. Akauliza kama kiatu kina mwenyewe. Nikasema kinaye. Fredi akasema bado.

Na mshahara haujatoka! Nikavua saa yangu ya mkononi, nikamwachia Fredi iwe rehani, nikaondoka na mguu wa kulia kwapani. Mpango safi kabisa. Nani atanunua mguu wa kushoto peke yake? Nalala nikiwa na amani.

Alhamisi, 5 Februari

Mazoezi. Nimetembea kando ya bahari hapa Shangani saa watu wanapopunga upepo. Kulia raba, kushoto kandambili. Raba ina soli nene, kandambili imelika, kwa hiyo nilikuwa napanda na kushuka. Watu wamenipa pole. Mtu mzima mmoja amenipisha benchi na kuniuliza imeanza lini. Nimemwambia jana. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

Kisha kwa Fredi kufuata wa kushoto. Nikamkuta hanitazami usoni. Mohamedi alikwenda nyumbani kwake mchana, akamkuta mkewe Gladness anachambua mchele, akamwambia ametumwa na kaka yake kuchukua mguu wa kushoto. Gladness akampa. Fredi anamtetea mkewe: ametuona tunafanana mno, asingeweza kukataa.

Kwamba tunafanana. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya swala nimemsubiri Mohamedi mlangoni, mahali watu wanapotafuta viatu vyao. Nikamwambia wizi ni haramu. Akasema yeye hakuiba, aliomba na akapewa. Aliyekimbia na kiatu kwapani ni mwingine. Nikamtaka aniuzie wa kushoto. Akanitaka nimwuzie wa kulia. Watu wakaanza kutuzunguka. Fredi, ambaye si Mwislamu, alikuja mpaka pale nje kudai haki yake. Akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, naye anakwenda kulima; atakayeshinda amlipe.

Nikasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye mkubwa, mkeka ni wangu. Mohamedi hakupandisha sauti. Heri angepandisha.

"Mama alikata roho mkono wake uko mkononi mwangu," akasema. "Wewe ulifika mazishini na kofia."

Nilikuwa Masasi siku ile. Kazi ya serikali. Kila mtu anajua. Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumapili, 8 Februari

Riziki ameondoka alfajiri na Amina na wanawake wengine. Wamefunga mizigo, wamebeba kichwani, kandambili wameshika mkononi ili zisinaswe na tope. Riziki alitaka kuchukua cherehani, wapokezane. Nimekataa. Zawadi ya mjomba inafika na mjomba. Akanitazama, kisha akatazama kiatu kimoja kilichokaa juu ya meza kama mgeni. Akasema nisichelewe tu.

Mpango wa pili. Jana nilimwomba Modesta amwambie Mohamedi kwamba kile kiatu cha kushoto kina ugonjwa. Akakataa kusema uongo. Lakini akakubali kusema kweli: kwamba viatu vya mtumba vioshwe kabla ya kuvaliwa. Inanitosha! Kiatu kikioshwa kitaanikwa. Kikianikwa kitakuwa nje. Kikiwa nje, dunia ni pana.

Leo baada ya alasiri nimekwenda kwa Mohamedi. Kiatu kilikuwa juu ya kamba, kimefungwa kwa waya. Chini yake kiti, juu ya kiti Mohamedi, mkononi redio. Akanikaribisha nikae ubavuni kwake, chini ya kamba hiyo hiyo. Tukanywa chai. Tukazungumza habari za mvua na bei ya muhogo, tone la maji likitoka kiatuni na kuangukia kofia yangu. Sikusogea. Sikutaka ajue nimekiona. Naye akaniuliza kwa upole kama wa kulia nimeuosha.

Jumanne, 10 Februari

Uamuzi. Nitaondoka kesho na raba moja. Mguu wa kushoto utavaa katambuga. Tairi la gari limezunguka nchi nzima, litashindwa Msimbati? Nimeweka vipande vya boksi juu yake ili miguu ilingane urefu. Nimetembea chumbani kutoka kitandani hadi mlangoni. Sawa kabisa. Sikuona haja ya kutembea zaidi ya hapo.

Modesta ameniletea bandeji na mafuta ya mgando. Hakusema kitu. Wanawake wa mtaa huu sijui nani anawafundisha kunyamaza.

Jumatano, 11 Februari. Madimba

Naandika kwenye baraza ya shule. Daftari limelowa, nisamehewe mwandiko.

Alfajiri mambo yalikuwa mema. Mguu wa kulia, mashallah! Unakanyaga tope na kutoka safi, jiwe hausikii, mlima unapanda wenyewe. Kama ningekuwa na mguu wa kulia peke yake ningekuwa Msimbati saa hizi. Tatizo ni wa kushoto. Boksi lililowa kabla ya kufika Mangamba, likawa uji, likatoka. Katambuga ikabaki chini na mimi nikabaki ninaegemea upande. Kamba ya mpira ikaanza kula nyama. Cherehani nayo ikaegemea upande ule ule, maana mzigo hufuata mteremko. Nikaimba. Nikaacha kuimba. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nilipofika Madimba mvua ilikuwa inamwagika. Barazani alikuwa amekaa mtu, sufuria kubwa ya pilau imemfunika kichwa mpaka mabegani. Nikamsalimia. Sufuria ikaitikia kwa sauti ya Mohamedi. Ndiyo zawadi yake hiyo. Kushoto kwake raba, kulia gambuti. Alipolivua gambuti, yakatoka maji na harufu, na kisigino chake cha kulia hakikuwa na ngozi.

Kisha nikapata wazo. Nilimwambia kwamba hatuwezi kufika hivi, wote wawili tutashindwa, na Zainabu atakaa mkekani bila mjomba. Kiatu kiamue. Kila mmoja avae jozi nzima. Itakayemwenea ndiye aende mbele, ndiye mjomba. Mwingine abaki nyuma na asiseme neno. Nilitoa wazo hilo kwa moyo mweupe, kwa sababu mimi nilijaribu jioni, kwa soksi, na mzigo. Modesta ni shahidi.

Mohamedi akafikiri. Akakubali. Akanipa wa kushoto.

Haukuingia. Nikasema ni mvua. Nikafungua kamba zote, nikavuta ulimi, nikasimama na kukanyaga. Vidole vikakunjika, kisigino kikabaki nje. Nikasema ni uvimbe. Mohamedi akaomba wa kulia. Akausukuma mguu wake mpaka akatoa machozi. Nao haukuingia.

Tukaweka nyayo kwa nyayo, kama watoto. Mguu wangu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa upana wa kidole. Wake wa kulia ndio umezidi. Umri wote huu na sikujua! Kila mmoja wetu alikuwa ameiba mguu pekee unaomfaa. Jozi ile isingemfaa yeyote kati yetu hata siku moja.

"Mama alituogesha pamoja," Mohamedi akasema. "Alikuwa anasema Mungu alikuwa na miguu minne, akatugawia kwa haraka."

Sikumbuki Mama akisema hivyo. Nilimwuliza alisema lini. Akasema mara nyingi, hata siku za mwisho mwisho, akiwa amelala na yeye anamkanda miguu. Nilitaka kumwuliza alisema nini kingine. Nikageuka nikajifanya natazama mvua, na mvua ilikuwa nzito kweli.

Alhamisi, 12 Februari. Msimbati

Tumefika! Niandike jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi tulitia cherehani ndani ya sufuria. Tukapitisha mti kwenye mishikio, tukaubeba mabegani, mimi mbele na yeye nyuma. Mawazo yangu. Yeye anasema yake. Viatu tukarudishiana kila mtu wake: mimi wa kulia, yeye wa kushoto. Ile miguu mingine tukaifunga bandeji za Modesta, tukaiacha ijitegemee.

Baada ya Madimba tope likaisha, mchanga ukaanza. Mchanga wa Msimbati hauna adabu, unaingia kwa juu, unaingia kwa pembeni, unakaa. Tulikuwa tunasimama kumwaga mchanga kila baada ya vichaka vichache, kila mtu kiatu chake kimoja. Tukaanza kukanyaga kwa pamoja bila kupangana. Mguu mzima, mguu mbovu. Mimi nikisimama kwenye mzima, yeye yuko kwenye mbovu, na mti unatuyumbisha. Cherehani ikawa inagonga sufuria kama kengele. Watoto mashambani wakatoka kutazama nini kinapita.

Njiani amenieleza habari za Mama. Zote. Kwamba alikuwa akiniulizia, na kila akiulizia Mohamedi alimdanganya kwamba niko njiani, nimeshafika Mangamba. Nimelia. Mzigo ulikuwa begani na sikuwa na mkono wa kujifuta. Nyuma yangu nilimsikia Mohamedi akivuta kamasi.

Tulipokaribia vibanda vya kwanza, nikakumbuka sharti la Nuru: atakayetangulia kufika. Nilikuwa mbele. Kwa urefu wa mti! Nikaongeza mwendo kidogo. Nyuma nako mwendo ukaongezeka. Hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake, maana sufuria ilikuwa katikati. Tukaingia uani kwa Nuru tunakimbia na kuchechemea, sufuria inalia, na wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga.

Riziki alikuwapo, amepumzika, amekoga, miguu yake mizima. Nuru alitazama miguu yetu minne, akaingia ndani. Akarudi na karai la maji ya moto na chumvi. Karai moja. Akatuambia tutie yote.

Ijumaa, 13 Februari

Tumeshindwa kulala kwa maumivu, mimi na Mohamedi, kitanda kimoja. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake alale ili ajue nani ataamka kwanza kwenda mkekani. Mwishowe tumeamshwa wote wawili na Riziki.

Nuru alikuwa ameamua: mmefika na mzigo mmoja, ketini wote. Sawa. Tukaketi. Upande wa pili walikaa watu wa Selemani, bwana harusi, kijana mpole anayefanya biashara ng'ambo ya Ruvuma. Shehe akasoma. Baba yake Zainabu akaozesha. Zainabu alikuwa nyuma ya pazia. Nikauona ukingo wa kanga yake.

Kisha mshenga akauliza. Akasema wamemsikia baba, sasa wanataka kumsikia mjomba, na sauti ya mjomba ni moja. Mjomba wa binti ni yupi? Asimame wamwone.

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo. Nilikuwa na maneno tayari. Nikakaza mkono chini, nikainuka, na mguu wa kushoto ukanikataa. Nikakaa tena. Mohamedi akajaribu. Mguu wake wa kulia ukamkataa. Watu wakaanza kukohoa. Nilimtazama mdogo wangu. Angeweza kusema ni yeye, na nisingeweza kumpinga. Mimi pia ningeweza kusema. Akaninyooshea bega.

Tukashikana. Nikasimama kwa mguu wangu wa kulia, yeye akasimama kwa wake wa kushoto, ile mibaya tukaikunja nyuma. Tulikuwa tunayumba lakini hatukuanguka. Nikafungua kinywa.

"Tumempokea mkwe wetu," nikasema. "Na binti yetu, tunamtoa akiwa na..."

Sauti ikakatika. Pazia lilikuwa limesogea, na Zainabu alikuwa ananitazama kwa macho yale yale ya kuuliza herufi inayofuata. Sikuweza. Mohamedi akamalizia, polepole, karibu na sikio langu: kwamba tunamtoa akiwa na baraka za bibi yake, aliyetuogesha sote.

Zainabu akalia kwa sauti. Wanawake wakapiga vigelegele juu ya kilio chake. Mimi sijui nani alinikalisha.

Jumamosi, 14 Februari

Nimekaa barazani, mguu juu ya kiti. Zainabu ameshona tayari kwa ile cherehani, foronya moja, na ameniletea niitazame. Mshono umenyooka. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kuna watu hapa kijijini wanaosema kwamba maneno ya mjomba jana yalisemwa na Mohamedi. Hawakusikia vizuri. Mimi ndiye niliyeanza, na jambo ni la anayelianza. Nimewaeleza kadhaa. Mohamedi naye nimemwona upande wa kisima akiwaeleza wengine.

Lakini hilo dogo. Asubuhi Nuru amenidokeza jambo. Mdogo wake Zainabu atachezwa unyago baada ya mavuno, na mjomba lazima awepo siku ya kumtoa. Ameniambia wiki yenyewe. Nikamwuliza kama Mohamedi anaijua. Bado. Nimemsihi asimsumbue kwa sasa, mtu ana kidonda kisiginoni.

Wakati huu sitafanya mambo kwa pupa. Nimemwita mkwe wetu Selemani kando, nikamwomba aniletee raba mpya kutoka ng'ambo, za safari ndefu, jozi kamili, zisizopita kwa Fredi wala kwa mtu yeyote. Amekubali kwa heshima. Akaomba anipime. Wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, umevimba, hauna sura ya kupimwa. Nimempa wa kulia. Amepima kwa kijiti, akakivunja mahali sahihi, akakitia mfukoni. Akauliza kuhusu ule mwingine. Nimemwambia utazoea.